Manowari Iliyolalia Mkono wa Kike

Mtaani walimwita Nusu. Jina hilo alipewa na mkewe mwenyewe, tena mbele za watu, na yeye akacheka mpaka likamkaa.

Geti lao lilikuwa la milango miwili. Wa kushoto ulipakwa rangi ya kijani binti yao akiwa darasa la pili. Wa kulia ulikuwa kutu tupu, na binti sasa ana watoto. Kigoda cha jikoni kilisimama kwa miguu mitatu na ukuta.

"Mume wangu fundi kwelikweli," mkewe aliwaambia wageni. "Ila akikuchimbia kisima, utaoga vumbi."

Alikuwa fundi bati. Ndoo, karai, mifereji ya mvua, vya wateja vyote alivimaliza. Vya nyumbani ndivyo vilivyomshinda. Shule hakukaa. Alijua kusoma futi kamba, na hiyo ilimtosha. Alipozeeka akafunga karakana, akarudi nyumbani na mkasi wa bati, chuma cha kulehemu na mikono isiyojua kukaa bure.

Mkewe alipougua akawa mtu wa kitandani, hadithi aliyoipenda ilikuwa ya kaka yake. Kaka huyo ujanani alikuwa mzamiaji. Miezi saba alishuka kila siku kwenye manowari iliyozama zamani, akiipima na kuichora, na tangu hapo kila mlo wa familia ulikuwa na manowari mezani.

"Nitengenezee meli ya kaka," mkewe akasema siku moja. "Niione ilivyolala huko chini. Na hii umalize."

"Nitamaliza."

"Geti linakusikia."

Basi akaanza. Shemeji alikaa mji mwingine, kwa hiyo vipimo vilikuja kwa simu, na kwa kuwa shemeji masikio yalishaharibiwa na maji, mtaa mzima uliijua meli ile. Urefu mita mia na ishirini. Fundi akakata: mita mbili za meli, sentimita moja ya bati la kopo la maziwa. Ikatoka sentimita sitini, ikaenea kwenye meza ya cherehani ya mkewe kama iliyopimiwa hapo.

"Imelalaje?" fundi akapiga kelele kwenye simu.

"Imelalia mkono wa kike!" shemeji akajibu kwa kelele zaidi. "Bomu liliingia upande wa pili, na tundu lipo juu. Mimi nilikuwa naingilia hapo!"

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na hakuna aliyelisikia likilia.

Mkono wa kike ni kushoto. Wazee wote wanajua. Lakini katika nyumba ile, tangu wiki ya harusi, mke alilala kulia kwa mume, karibu na mlango, kwa sababu ndiye aliyetangulia kuamka. Miaka arobaini na sita, upande wa kike ulikuwa kulia. Mto wa kike, kulia. Taa ya kike, kulia. Fundi alisikia neno, akaona kitanda chake, akailaza manowari kulia bila kuwaza mara mbili. Mkewe naye akaitazama kutoka kitandani akasema, "Sawasawa."

Madirisha ya duara ya ubavuni yalimsumbua. Vichwa vya misumari alivyojaribu vilikuwa vikubwa mno. Mkewe akavunja mkufu wake wa shanga nyeusi, akazihesabu juu ya shuka: ishirini na mbili. Fundi akazibandika moja moja kwa ncha ya sindano kwenye ubavu wa juu. Kisha mke akadai samaki.

"Ya nini samaki?"

"Meli chini ya maji bila samaki ni ndoo iliyotoboka."

Akamkata samaki mwenyewe, kwa mkasi wa kucha, kutoka kwenye kifuniko cha kopo. Huyo ndiye samaki pekee. Hakuwahi kumwekea jicho. Wiki ya pili yake akafariki.

Fundi aliifunika meli kwa kitambaa cha meza. Miezi tisa hakukifunua. Binti alikuja akagawa nguo za mama yake, zote isipokuwa gauni moja la bluu lenye shanga nyeusi shingoni. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani.

"Na hili, baba?"

"Hilo liache."

Binti akaliacha. Lakini ulimi hakuuacha. Alimweleza mkuu wa maktaba ya mji, ambaye watoto humwita Mama Maktaba, na Mama Maktaba akaja kuona. Alifunua kitambaa, akashika kifua.

"Mzee! Hii inakaa gizani?"

"Haijaisha."

"Itaisha lini?"

Fundi akavuta kitambaa aifunike tena. Mama Maktaba alikuwa mtu wa kutojibiwa miaka mingi, akajijibu mwenyewe: Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akaagiza sanduku la kioo, akabandika tangazo mlangoni. Nusu akawa hana pa kukimbilia.

Alifanya kazi wiki tatu kama mtu anayedaiwa. Alimwaga mchanga juu ya gundi ukawa sakafu ya bahari. Nyuzi za sufi za kijani zikawa mwani. Kutu alitaka ya kweli, siyo rangi, basi akatoka na brashi ya waya akausugua mlango wa kulia wa geti, akakusanya unga mwekundu kwenye gazeti. Kila alipopungukiwa, alirudi getini. Majirani wakapita wakicheka.

"Nusu, unalinyoa geti?"

"Linakwenda safari."

Alhamisi shemeji akafika kwa basi, na begi moja na kelele zake. Hakukaa hata kwenye kiti. Akaenda mezani, akainama, akanyamaza. Shemeji kunyamaza halikuwa jambo la kawaida. Fundi akajiandaa kusifiwa.

"Shemeji," mzamiaji akasema. "Nani kaigeuza?"

"Imegeuzwaje?"

"Nilisema mkono wa kike!"

"Huo hapo."

"Huo wa kiume! Huo ni kulia, mzee! Wewe mkeo alikuwa mkono gani?"

"Huo," fundi akasema, akionyesha.

Shemeji alimtazama. Akautazama mlango wa chumbani, akakiona kitanda. Ikamwingia. Akacheka mpaka akalishika kabati, na fundi, baada ya muda, akacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu msiba kwa sauti ya kutoka tumboni.

"Acha tu," shemeji akasema akijifuta macho. "Nani atajua?"

"Wewe umejua."

"Mimi nitanyamaza."

"Wewe?"

Wakacheka tena. Lakini kicheko kilipokwisha, meli ilikuwa bado imelala vibaya. Na kuigeuza kulikuwa na maana moja: ubavu wenye shanga ishirini na mbili, zile alizozihesabu mke juu ya shuka, ungeingia mchangani. Usingeonekana tena. Na ubavu mwingine ulikuwa kipofu, bila dirisha hata moja.

Ijumaa asubuhi fundi alikipasha moto chuma cha kulehemu. Aliibandua meli, akaishika mikononi kama mtoto anayebadilishwa nguo. Akapitisha kidole juu ya shanga, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akailaza kushoto. Shanga zikaingia mchangani, zikakaa. Akakata tundu jipya la bomu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na gauni la bluu.

Binti alikuwa jikoni. Akaliona, akaweka mwiko chini.

"Baba, una hakika?"

"Mimi mikono yangu ni ya bati. Uzi huu ukate wewe."

Binti alikata taratibu kwa wembe, shanga zikidondoka kwenye sahani. Akahesabu kwa sauti, kama mama yake. Zikawa ishirini na tatu.

"Imezidi moja."

Baba alifikiri. Akamvuta samaki karibu.

Walipomaliza, shemeji aliletewa miwani. Alikagua mlingoti, mizinga, tundu.

"Hapa ndipo nilipoingilia," akasema, na sauti ikashuka ikawa kama ya watu wengine. Kisha ikapanda tena. "Ila huyu samaki! Kwa kipimo chako ana mita nne! Na jicho kama sahani!"

"Kamkata dada yako."

"Ah. Basi ndivyo alivyo."

Jumamosi maktaba ilijaa. Watu walizunguka sanduku la kioo, wakabandika pua kiooni. Shemeji alieleza kwa sauti mpaka Mama Maktaba akamwonyesha kibao cha KIMYA. Mwanamke mmoja akamuuliza fundi kama upande wa chini nao umetengenezwa au umeachwa hivi hivi, maana hauonekani.

"Umetengenezwa," fundi akasema. "Huo ndio ulioanza."

Jumapili alibakiwa na kopo la rangi ya kijivu ya manowari, nusu yake. Geti la kulia lilikuwa jeupe kwa kusuguliwa, halina chembe ya kutu. Akalipaka lote, juu mpaka chini, na bawaba.

Jirani akasimama barabarani akaangalia kijani, akaangalia kijivu.

"Nusu! Ndiyo nini sasa?"

"Limekwisha," fundi akasema, akaingia ndani kutafuta kipande cha mbao kinachofaa mguu wa kigoda.