Kambare wa Shemeji

Mume wa dada yangu alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika, na kijiji kizima kilijua jinsi kidole chake kilivyokuwa kizito kwenye mizani. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na magari yao kugombania pamba yetu, yeye akabaki hana kazi, ana kalamu tu mfukoni mwa shati. Mtu mwingine angeshika jembe. Shemeji alitoweka msimu mzima upande wa ziwani, akarudi na pikapu ya kukodi, mapipa ya plastiki na maneno mengi.

Alitukuta mimi na mama dimbwini. Mto Duma ukikauka huacha madimbwi kwenye kona zake, na la kwetu, chini ya shamba la mama, halikukosa kambare. Tulikuwa tunatega migono, vile vikapu virefu vya fito ambavyo samaki akishaingia hatoki, na ndani tumetia utumbo wa kuku ulioanza kunuka. Kambare hategemei macho, anafuata harufu. Ukitumia chambo kisafi utarudi nyumbani na kikapu kitupu.

"Mayu," alimwambia mama, "mimi nanunua wadogo wadogo, wa urefu wa kiganja, tena wazima. Kule ziwani wanatungwa kwenye ndoano kunasia sangara. Sangara anaenda kiwandani, kutoka kiwandani anapanda ndege kwenda Ulaya."

"Na kambare hawamtaki huko?"

"Hawamjui."

"Basi wamekosa chakula," mama akasema, akaendelea kuosha mgono.

Shemeji akaanza kutufundisha kuvua. Mtu ambaye sikuwahi kumwona amelowa magoti alisema migono inawachubua samaki, na kwamba kambare anavuliwa kitaalamu, kwa chandarua, taratibu. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Alipompata wa kwanza alimkamata kifuani kama anayeshika kuku. Kambare ana mwiba kila upande, nyuma tu ya kichwa. Vidole vinatakiwa kupita nyuma ya miiba hiyo, vibane pale. Shemeji alipiga yowe lililosikika mpaka kwenye zizi la jirani. Mkono ukavimba. Alitoka akasema maji ya Duma yana sumu.

Samaki tuliwavua sisi, kwa migono ileile. Yeye alikaa kivulini na mkono wake, dada akimpepea kwa kanga.

Jioni alijaza pipa maji mpaka mdomoni, akamimina samaki, akashika kifuniko akaanza kukikaza.

"Shemeji, acha nafasi juu," nilimwambia. "Kambare hupanda kuvuta hewa. Ukimfungia hivyo atakufa."

Alinitazama, kisha akamtazama dada. "Samaki anakufa kwa maji! Umesikia mdogo wako?"

Dada akacheka. Si kicheko cha kujilazimisha, alicheka kwa raha, ameshika mbavu, yeye ambaye tulikulia naye dimbwini humo. Kile kicheko kiliniuma kuliko ujinga wa mume wake. Nilitaka kujibu, mama akanigusa bega. "Mwache aende." Pikapu ikaondoka.

Kesho yake ikarudi na mapipa yaleyale. Wavuvi wa ziwani walifungua, wakaona matumbo meupe yanaelea, wakamfukuza. Mtu mwenye haya angemwaga njiani. Shemeji aliwapakia samaki hao kwenye mabeseni, akamtuma dada apite nyumba kwa nyumba akiwauza kama mboga. Alipofika kwetu na beseni kichwani, inzi wanamfuata, mama hakumkaribisha hata kukaa. Alilishusha beseni mwenyewe, akaenda kuwafukia samaki wote nyuma ya choo, akalisuuza beseni, akamrudishia.

"Watu wana watoto," alimwambia. Dada akaondoka bila kuaga.

Shemeji akatangaza mnadani kwamba wanawake wa kwetu walimuuzia samaki wagonjwa. Kuna walioamini. Tulikaa muda mrefu samaki wetu hawagusiki, tukawakausha na kula wenyewe, na nikikutana na dada njiani tulisalimiana kama watu wa vijiji viwili.

Kiangazi kilichofuata shemeji alikuja na pampu ya dizeli na vibarua. Hakupiga hodi. Walilikausha dimbwi mchana mmoja, wakakusanya kila kitu topeni, hata vile vilivyolingana na njiti ya kiberiti. Nilisimama ukingoni nikamsikia akiwaamuru vibarua: "Maji nusu pipa! Toboeni vifuniko! Samaki huyu anapumua hewa, niliwaambia watu hawa wakabisha." Alisema hivyo mimi nikiwa hatua chache kutoka kwake, wala hakupepesa macho. Dada alikuwa kwenye pikapu. Aliangalia upande wa pili.

Mvua zilipokuja dimbwi lilijaa vyura. Mama akahamishia migono kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, ambako kambare ni wachache na wembamba.

Shemeji alifanikiwa. Alijenga mjini Bariadi nyumba ya bati lenye rangi, yenye sebule ya makochi na televisheni. Nimeingia humo mara moja tu, dada alipojifungua. Walinipa soda. Nikamshika mtoto, nikanywa soda yangu, nikaondoka kabla baba yake hajarudi.