Makwale, Siku Niliyomkumbatia Baba Mkwe

Ijumaa mchana, Mbeya. Simu ya mama mkwe ndiyo iliyotuondoa. "Baba yenu anapaliwa kila akila," alisema, "na hospitali hataki hata kuisikia." Tangu kiharusi kidogo cha mwaka jana, mdomo wake umekuwa mzito upande mmoja. Jumapili hiyo pia mtoto wa Lusajo, shemeji yangu, alikuwa anapata kipaimara, kwa hiyo tulikuwa na sababu mbili. Mimi ni mpishi wa shule ya bweni, na asubuhi hiyohiyo tulikuwa tumemaliza mafunzo ya huduma ya kwanza. Nilikuwa nimelikandamiza sanamu la plastiki mpaka mabega yakaniuma, na nilijiona daktari kabisa.

Baada ya Tukuyu barabara inateremka na joto linapanda, tukavua masweta. Mume wangu, Ambokile, ndiye aliyeendesha.

"Akipaliwa mbele yako, utafanyaje?" aliuliza.

"Nitafanya nilivyofundishwa."

"Kwa baba?"

Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamgusi, hatamki jina lake. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini baba mkwe wangu hajalegeza hata uzi. Miaka yote ya ndoa yangu nimemjua kwa kikohozi chake na kwa mgongo wake akikata kona ya nyumba kunipisha.

Jumamosi, kijijini kwao Makwale, hakuna aliyekaa chini. Kokoa ilikuwa inaanikwa, mchele unapepetwa, mikungu ya ndizi inashushwa. Nilimwambia mama mkwe tumkatie baba nyama vipande vidogo vidogo.

"Mbele ya wageni?" alisema. "Atakataa sahani. Mwache, mwanangu."

Nikamwacha, lakini roho haikutulia.

Jumapili, baada ya ibada, wanaume walikula sebuleni na sisi tukabaki jikoni, ukuta mmoja katikati. Nilikuwa napakua wali niliposikia kicheko kimekatika na kiti kimeanguka.

"Mpeni maji!" mtu alipiga kelele.

"Msimpe maji!" nilijibu kwa sauti kupitia ukutani. "Ambokile! Mwinamishe, mpige mgongoni, kati ya mabega!"

Nikasikia vibao laini, vya mtoto anayemwogopa baba yake.

"Kwa nguvu!"

"Haitoki!" Ambokile aliniita huku analia. "Mama Tumaini, midomo imebadilika rangi!"

Nilifika mlangoni. Shangazi yake Ambokile akanyoosha mkono kunizuia. "Gwe! Wewe, huwezi kuingia humo."

Nikausukuma ule mkono, nikaingia.

Wanawe walikuwa wamemshika wima. Aliponiona, mzee huyo asiye na pumzi aliinua kiganja kujifunika uso, kunitunzia heshima. Nusura nirudi nyuma. Nikapita mgongoni kwake, nikamzungushia mikono, nikaweka ngumi juu ya kitovu, nikavuta ndani na juu. Nikavuta tena. Na tena. Kipande cha nyama kikaruka mezani, naye akavuta pumzi kwa sauti mbaya niliyoipenda kuliko sauti yoyote niliyowahi kusikia.

Niliinama, nikatoka kinyumenyume, nikaenda nyuma ya jiko nikalia.

Mkufunzi wetu alikuwa amesisitiza kwamba aliyebanwa tumbo vile lazima aonwe na daktari, kwa hiyo nilimtuma Ambokile akambembeleze. Safari hii mzee hakubisha. Alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma yake, kitenge kimenifunika kichwa. Tulielekea hospitali ya ziwani. Milima ya Livingstone ilisogea, kisha Nyasa ikatokea, imechafuka kwa upepo. Kando ya njia vyungu vya wafinyanzi wa Ikombe vilikuwa vimepangwa vya kuuzwa. Kila baba alipokohoa, Ambokile alipunguza mwendo.

Hospitalini nilibaki nje, karibu na dirisha. Nilimsikia daktari akiuliza, "Mzee, nani alikutoa hiyo nyama?"

"Mwanangu."

"Huyu hapa?"

"Huyu alikuwa ananikung'uta kama nguo. Mwanangu yuko nje. Mwiteni aeleze mwenyewe."

Ambokile akanifuata. Niliingia. Baba alitazama ukutani, nami nikatazama sakafu, nikaeleza kila nilichofanya. Daktari alimpima, akasema amesalimika, ila chakula chake kiwe laini na arudi wamwangalie anavyomeza. "Ndaga," alijibu baba. Hakuwa amegeuka, wala sikujua anamshukuru nani.

Jumatatu alfajiri tulipanda tena kwenye baridi ya Tukuyu, tukirudi Mbeya kazini. Nilichojifunza ni kwamba pa kuweka ngumi panafundishika kwa siku chache tu. Kuuvuka mlango hakuna sanamu la kukufundishia. Mimi na baba bado hatutazamani. Lakini sasa najua ananiita nani.