Tulimupa Madame Poubelle mbuzi ya heshima, mbuzi ikakula miti yake

Wakuu, nawasalimia kutoka Bunia, kwenye leo vumbi iko inaingia mpaka mu chai.

Hii nawaandikia niliiona na macho yangu, mi mwenyewe nilikuwa nabeba viti. Mwenye atasema naongeza chumvi, aje aulize pale Shari, kwenye tunasomaka. Watamucheka kwanza, ndipo watamuelezea.

Na ninyi walimu wa Swahili safi, kwetu tunasemaka hivi. Musinisahihishe, mutachoka bure.

Basi. Kuko dada moja tunasoma naye ku institut, chuo yetu, jina yake Dhesi. Familia yake ilikimbia vita kule Djugu, njo akakuja kukaa kwa shangazi yake hapa. Mutu mwingine angetulia, asome, apate diplôme, aende zake.

Yeye hapana.

Kila siku ya posho, ni kusema Jumamosi, asubuhi anatuita kwa salongo, tusafishe institut. Alichimba shimo ya takataka. Alikataza kantini kufunga chakula na sachet nyeusi za plastiki. Ukitupa chupa chini, anakufuata nayo mpaka mu auditoire, anaiweka juu ya meza yako mbele ya professeur. Ilinifikia mara moja, na professeur akacheka kuliko wote.

Tukamupa jina: Madame Poubelle, Mama Pipa ya Takataka. Hakukasirika, na ile njo ilituudhi zaidi.

Lakini kitu yenye ilikuwa inamuuma roho ni muteremuko iko nyuma ya institut. Chini yake kuko nyumba ya Maman Vumilia, mwenye kutuuzishaka beignets, mandazi yetu. Mvua ikinyesha, maji yote ya institut inashuka kwake. Mwaka jana ukuta ya jikoni yake ilianguka, watoto wakaenda kulala kwa jirani.

Dhesi akamuahidi: mbele ya mvua ingine, ile muteremuko itakuwa na miti.

Akafanya pépinière nyuma ya auditoire, miche mu vifuko nyeusi, akaijengea kivuli ya majani. Alikuwa anaimwangia maji na marafiki wake wachache. Siye wengine tulikuwa tunapita tu, écouteurs mu masikio.

Sasa direction ikaamua kumuheshimu. Wageni wa environnement, wenye kuangaliaka mazingira, walikuwa wanakuja, na Papa Secrétaire, mukubwa wa pili wa institut, anapenda wageni. Anapenda discours pia, hotuba ndefu-ndefu, Mungu amusaidie.

Diplôme ya kumusifu ilikuwa tayari, lakini muzee moja wa comité akasema karatasi haishibishe mutu. Kwetu ukiheshimu mutu kweli, unamupa mbuzi. Na mbuzi ya heshima, wakuu, mutu haikulake peke yake.

Njo maana mi nilijitolea kubeba viti. Nisiwadanganye.

Mbuzi ikatoka Marabo juu ya moto, ni kusema pikipiki, utepe nyekundu ku shingo, inaangalia watu sawa mugeni rasmi. Wakaifunga karibu na bâche, hema ya wageni. Papa Secrétaire akaanza discours. Kila akisema "protection de l'environnement", mbuzi inajibu. Tulicheka mu mikono mpaka mbavu zikauma.

Kijana wa protocole akaitoa mbio, akaenda kuifunga nyuma, mu kivuli. Ikanyamaza. Papa Secrétaire akatushukuru kwa utulivu, akafungua ukurasa ingine.

Sasa muniulize: ku ile institut yote, kivuli iko wapi?

Discours ikaisha. Dhesi akaitwa, akapewa diplôme, wakapiga picha. "Na sasa, zawadi." Protocole akaleta mbuzi. Ilikuwa inatembea polepole, tumbo imejaa, kipande ya kifuko nyeusi inaning'inia ku mudomo.

Dhesi aliiangalia. Kisha akakimbia.

Nilimufuata. Miche yenye mbuzi haikukula, iliikanyaga. Dhesi alichuchumaa pale na kitenge yake ya fête, anatafuta miche yenye ingali na mizizi. Mi, mutu nilifika kwa ajili ya nyama, nilikuwa ningali nashika kiti. Upande wa Kasenyi mawingu ilikuwa imeanza kujikusanya.

Akarudi, akashika micro.

"Papa Secrétaire, asanti kwa mbuzi. Lakini imekula miti ya muteremuko, na mvua iko njiani. Ile moto iliileta, iirudishe Marabo. Kuko papa pale anauzisha miche. Tutabadilisha."

Papa Secrétaire akacheka kidogo, ile kicheko ya wakubwa.

"Binti yangu, zawadi ya wakubwa hairudishwake ku soko. Ni matusi. Na wageni wako wanangoja kula."

Sitaficha, tumbo yangu ilikuwa upande wa Papa Secrétaire.

Sasa, munajua nani walikuwa wamemuita apike ile mbuzi? Maman Vumilia. Akatoka ku sufuria zake, kisu mu mukono.

"Papa, ile maji inaingiaka kwangu, haiingiake kwako. Mi sipike."

Akaweka kisu juu ya meza ya wageni, akaanza kukusanya sufuria zake. Mambo ikaishia pale. Mbuzi ikapanda moto na utepe yake, siye tukakula wali na sombe, majani ya muhogo, bila nyama.

Siku ya posho yenye ilifuata, miche ilikuwa imefika. Dhesi alishuka na jembe, akifikiri atakuta wale marafiki wake tu. Akatukuta siye, karibu institut nzima. Wengine haya iliwaleta, wengine walikuja kuangalia. Mi sijui nilikuwa upande gani.

Papa Secrétaire naye akafika, na bottes za matope ku miguu. Akatoa karatasi mu mufuko, akakohoa.

Dhesi akamupatia jembe.

Akaangalia karatasi, akaangalia jembe, akarudisha karatasi mu mufuko. Alichimba mpaka shati ikashikana na mugongo.

Siku ya diplôme Dhesi hakulia. Pale, kuona watu wote wameinama ku ile muteremuko, aligeuka nyuma, akajipangusa na kitenge.

Mvua ikakuja, ile ya kwetu haibembelezake mutu. Miti ingali kidogo, musidanganyike, haikuzuia kitu. Ni mifereji tulichimba pamoja nayo njo ilishika maji. Asubuhi nilishuka kuona. Jikoni ilikuwa imesimama, kavu, Maman Vumilia ndani anakaanga. Akaniuliza kama nimekuja kununua ao kushangaa.

Nilinunua.

Funzo yangu, wakuu: mutu wa kazi usimuite akae ku kiti asikilize sifa. Muulize kazi imebakia wapi, uende.

Kwenu mutu kama Dhesi munamufanyiaka nini? Andikeni hapa chini, nasoma yote. Lakini mwenye ataniambia diplôme, nitamuuliza alichimba wapi.