Mchicha wa Benadetha Wasubiri Jibu la Maabara

Saa mbili kasoro asubuhi, Benadetha Kokushubira ameshika kisu lakini hakati. Mbele yake mchicha umejaa matuta sita, mzito kwa umande. Simu iko mfukoni mwa aproni. Jibu la maabara linafika leo, na soko la Hyattsville ni kesho.

"Likija baya, nafukia wote tena," anasema. "Na mwenye shamba amesema mwaka mwingine kama ule hanikodishi."

Mama huyu wa miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Muleba, alihudumia wazee majumbani huku ughaibuni kwa miaka kumi na minne kabla ya kukodi nusu eka hii nje ya Germantown.

Mwaka jana alimwaga samadi ya kuku mwezi Mei, akavuna Juni. Mama yake alimfundisha kuipima kwa pua: ikiacha kunuka, imeiva. Maabara ikakuta bakteria wa kinyesi kwenye majani. Kreti arobaini zikafukiwa.

"Kwetu mchicha lazima upite kwenye sufuria. Hapa wanautafuna mbichi kama mbuzi! Hilo sikuliwaza."

Aliyemfuta machozi ni Audrey Njuguna, bibi shamba wa kaunti. Alimpa mbegu za rai, nafaka ya kufunika ardhi wakati wa baridi. Benadetha aliweka samadi Oktoba, akapanda rai juu yake. Mwezi Mei akailaza chini, akapandikiza mchicha katikati ya mabua makavu.

"Rai si dawa," anaeleza Audrey. "Inazuia matone ya mvua yasirushe tope kwenye majani. Kazi kubwa inafanywa na muda: siku mia na ishirini kati ya kuweka samadi na kuvuna. Si pua!"

Kipchumba, anayelima shamba la pili, anapita na toroli. "Mama, pua inasemaje leo?"

"Pua imestaafu, wewe!"

Saa tatu na robo simu inaita. Benadetha anasikiliza, anakaa kwenye tuta, anasimama. "Safi? Majani na udongo? Hebu rudia, Audrey mwanangu!"

Vigelegele vinamfanya Kipchumba aachie toroli.

Mwakani anataka eka nzima, na wanawake wa parokia yake waje kujifunza. Kwenye lundo jipya la samadi tayari amechomeka kibao chenye tarehe. "Wakiniuliza imeiva lini, wasome pale."

Anachuma jani moja, analifuta, analitafuna bichi kwa mara ya kwanza maishani. Uso unakunjamana.

"Mh! Kweli chakula cha mbuzi," anasema akicheka, na kisu kinaanza kazi.