Kigae cha Fundi

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Lushoto kwamba fundi vigae wetu amefariki. Wengi mnaonisoma hamkumjua, na yeye asingejali. Alitandika sakafu za nusu ya nyumba za mji ule, lakini sisi tulimjua kwa kipande cha kigae kilichokaa daima kwenye mfuko wa shati lake, upande wake wa nyuma, ule usiong'aa, ukiwa na mistari ya kila jiwe alilowahi kuletewa. Jiografia ya sekondari ilimkolea mno.

Mwaka mmoja shangazi yangu wa Gare aliokota shambani mawe yanayong'aa kwa unjano. Ukoo mzima tukapandwa na wazimu. Mimi, msomi wa familia, ndiye niliyetangaza kuwa ni dhahabu na kupanga siku ya kukata miti yake ya mapeasi tuchimbe. Miti hiyo ndiyo iliyomlisha tangu afiwe na mumewe. Siku ikafika, mashoka yamekwisha kunolewa, shangazi akamleta fundi.

"Shikamoo, mama. Jiwe hili mmelikwaruza?"

"Marahaba, baba. Kulikwaruza vipi?"

Akalikwaruza nyuma ya kigae. Dhahabu, alisema, huacha mstari wa njano. Hili likaacha mweusi. Akaligonga kwa nyundo, likavunjika vipande. Dhahabu ingebonyea tu. "Mali yako ni mapeasi, mama. Waambie warudishe mashoka." Nilimchukia siku mbili nzima, kisha nikaona haya.

Tangu hapo neno likaenea. Ukipeleka uvumi kwa kinyozi, ukimsifia mgombea, ukitaja mchumba mpya, unaulizwa: "Umemkwaruza?" Siku hizi kila kitu kinang'aa, hasa kwenye simu zetu, nasi tunashika mashoka upesi. Fundi hakuwa na mashine wala cheti. Alikuwa na subira ya kujaribu kabla ya kuamini, na mapeasi ya Gare yanazaa mpaka leo.

Kwenye mazishi, mchungaji alianza kumsifu kama wasifiwavyo marehemu wote. Shangazi, kikapu cha mapeasi miguuni, akainuka. "Baba Mchungaji, huyu tulimkwaruza sisi wenyewe. Mstari wake ni wa njano!"

Vigelegele vikapasuka makaburini, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Sasa najua sifa ninayoitaka siku yangu ikifika.