Jina la Kijiji na Jina la Mvua

Hebu niambie, msomaji: umewahi kunyimwa kazi kwa sababu kaka yako alizaliwa usiku?

Juzi nilikuwa ofisi moja ya ajira huku ughaibuni, Roseville, degree yangu kwenye bahasha kama kawaida, nikingoja zamu. Mbele yangu alikuwa dada Mjaluo, anaomba kazi ya kutunza wazee. Bosi akaanza kwa kumwonyesha ngao ya ukoo aliyoitundika ukutani. Jina lake, akasema akijigonga kifua, ni la kijiji kimoja cha huko Normandi. Mababu zake walivuka bahari na mtawala wao, wakaiteka Uingereza, wakagawiwa mashamba ya wenyewe.

"Wow," dada akaitikia kwa adabu.

Kisha bosi akakunja uso. "Umesema kaka yako yuko kazini hapa kwetu. Mbona surname zenu tofauti?"

"Baba mmoja, mama mmoja. Yeye alizaliwa usiku, akapewa jina la usiku. Mimi nilizaliwa mvua ikinyesha, nikapewa la mvua."

"That's not a family name. Leta uthibitisho ni kaka yako, ndipo tuongee kazi."

Dada akafunga zipu ya koti polepole. "Lako ni la kijiji ambacho hujawahi kukanyaga. Langu mama alilisikia kwenye mabati." Akatoka.

Surname ya waporaji haiombwi ushahidi, ya mvua inaitwa uongo. Seriously?

Bosi, mpe dada kazi wiki hii, au teremsha hiyo ngao ulete uthibitisho kutoka Normandi. Tutangoja. Kungoja ndiyo kazi pekee mliyotupa.