Uwanja wa Kuni Uliponyamaza

Phanice alianza kupanga kuni katika kiwanda cha majani chai karibu na Magwagwa wakati bintiye Ashley angali mgongoni. Walikuwa kundi zima la wanawake, na aliyeshibana naye zaidi alikuwa Persis, mama Ian. Lori likimwaga magogo ya mikaratusi, waliyarundika yakauke huku porojo zimepamba moto. Mchana Okemwa, mchochea moto wa boila, aliwavutia makaa pembeni wakachoma ndizi. Moshi uliwatoa machozi, nao wakacheka wakiyapangusa.

Mwaka jana meneja aliwakusanya.

"Mama zangu, kampuni za ng'ambo siku hizi zinatozwa kwa moshi zinaotoa. Nyingine zinatulipa sisi tupunguze wetu kwa niaba yao. Boila mpya itachoma makapi ya miwa yaliyoshindiliwa, na mkanda wa mashine utayapeleka motoni."

"Na sisi?" Persis akauliza.

Meneja alikiri kwamba kazi zingepungua. Nafasi zilikuwa mbili tu. Phanice alipata moja, Persis akakosa.

Kusema kweli, mambo mengine yalinyooka. Nguo zilikauka kwenye kamba bila masizi, na mikaratusi ya mlimani ikaanza kuchipua tena. Lakini mashine ilinguruma kutwa nzima, naye Nyabuto, mwenzake wa zamu, alisimama mwisho wa mkanda, masikio yamezibwa. Wakati mwingine Phanice alijikuta ameinua kichwa, tayari kumsimulia mtu jambo, asione wa kumsimulia.

Alikaa miezi bila kwenda kumwona Persis. Aliona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyempokonya kazi. Jumapili moja akajikaza, akaenda soko la Keroka, akamkuta akiuza nyuma ya rundo la avokado.

"Bwakire, Mama Ashley! Nilidhani umenisahau!" Persis akamwamkia kwa Kigusii.

"Niliogopa umenikasirikia."

"Kwa nini? Nililia, sikatai. Karo ya Ian ilinitesa. Hapa kuna siku ninauza na siku ninarudi na mzigo wangu. Lakini kile kikohozi cha moshi kimeniacha." Persis akamsukumia kreti akalie. "Ninachokosa ni nyinyi. Hawa jirani zangu hawajui hata kusengenya."

Phanice aliangua kicheko ambacho hakuwa amekitoa tangu siku za uwanjani. Akaketi, akachukua kitambaa, akaanza kufuta avokado moja moja, na habari za miezi yote hiyo zikamtoka bila mpangilio. Wateja walikuja wakaenda. Alipokumbuka kwamba nyumbani hakuna aliyeinjika chakula, wachuuzi wenzake Persis walikuwa tayari wanafunga vibanda.